Wakili Aliyekuja Kukaa Barazani

Wakili wa kwanza hakunikaribisha kiti. Alikuwa mtu wa kwetu, wa bara, nami nilielekezwa kwake na chama chetu cha kuzikana, wakisema damu haiwezi kuitapeli damu. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Nilifika nikihema. Nikasimama mpaka amalize simu, kisha nikamweleza kwamba nataka kununua nyumba Majengo, ile ile nilimokuwa nimepanga chumba, na mama mwenye nyumba ameshakubali kuniuzia.

"Ardhi ni ya nani?" akauliza.

"Ardhi ni ya mtu mwingine. Ya mama ni nyumba."

Akacheka hadi akavua miwani.

Simlaumu sana kwa kucheka. Mimi mwenyewe nilipoajiriwa bandarini, kijana nisiyejua hata kula nazi, nilidhani ni mzaha niliposikia kwamba hapa kisiwani mtu huweza kumiliki nyumba, kuta na paa na mlango wake, na udongo ulio chini ukawa wa mwingine. Mwenye nyumba humlipa mwenye udongo kodi ya ardhi kila mwezi, na maisha yanaendelea. Nyumba inauzwa, inarithiwa, inagombaniwa na ndugu mahakamani, na udongo uko pale pale kwa mwenyewe. Watu wa Mombasa huliita jambo hili nyumba bila ardhi na hawaoni ajabu yoyote.

"Ndugu yangu, unauziwa hewa," yule wakili akasema alipokwisha kucheka. "Chukua kiinua mgongo chako ukajenge nyumbani. Mtu hujenga mahali atakapozikwa."

Kwa desturi za kwetu alisema kweli. Ila kwetu palikuwa pamebaki nini? Bandari ilikuwa imetupunguza kazi, mimi na wenzangu wengi, na mwaka uliotangulia mke wangu alifariki. Tulimsafirisha, tukamzika penye shamba la baba yangu. Kabla nyasi hazijaota juu yake ndugu zangu walikuwa wameshaligawana shamba, na sehemu waliyoniachia mimi ilikuwa ile kona ya kaburi. Ningejenga wapi, juu yake?

Mama mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kiswahili, mjane, magoti yamemshinda. Binti yake alimtaka Lamu akakae naye, na nyumba ilibidi iuzwe. Ilikuwa nyumba ndogo, ukumbi katikati na vyumba viwili kila upande, ua nyuma, baraza mbele. Chumba kimoja kilikuwa chetu tangu tulipooana. Nilichoogopa si kukosa pa kulala. Vyumba vya kupanga vilikuwa tele, Tudor na kwingineko. Niliogopa kwenda kuwa mgeni upya, mtu mzima, peke yangu, mahali ambapo hakuna hata mmoja anayejua kwamba niliwahi kuwa na mke.

Nilimwambia mama kwamba nimekosa wakili, nikamwomba tutumie wakili wake sote wawili. Akakataa katakata.

"Mwanangu, kwa wakili wangu usende," akasema. "Yule ni wangu, atatazama langu. Tafuta wako. Na umtafute wa papa hapa, ajuaye nyumba zetu."

Basi nikatafuta. Nilikwenda kwa mmoja kule Mbaraki, mtu mwenye suti nzuri na haraka nyingi. Akaniambia niache karatasi zangu nirudi baada ya wiki. Niliporudi akanisalimia kwa jina la mtu mwingine, na faili aliyoifungua mbele yangu ilihusu lori lililogonga ukuta. Nikachukua karatasi zangu nikaondoka. Nilikuwa mtu wa hasira siku hizo. Nilikasirikia mawakili, nikakasirikia ngazi na jua, na jioni nilirudi chumbani nisiwe na wa kumwelezea hasira yenyewe. Mke wangu angenicheka, ikaisha.

Wa tatu nilimpata Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa nyumba za pande zote mbili. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa buibui, ofisi yake chumba kimoja chini ya nyumba ya kwao. Akaniambia, "Karibu kiti, mzee wangu," akanimiminia maji ya mtungini kabla hajaniuliza shida yangu. Nilimweleza yote. Sijui kwa nini nilimweleza hata habari za ile kona ya shamba, maana hazikumhusu.

Akauliza, "Wewe wataka nyumba ya kukaa au ya kuzikwa?"

Swali lilinichoma. Nilitaka kuinuka niende zangu, maana niliona ananidharau kama yule wa kwanza. Lakini hakuwa anacheka. Alikuwa akingoja jibu, kalamu mkononi.

"Ya kukaa," nikasema mwisho.

"Basi hiyo naiweza. Ya kuzikwa mimi sina."

Kisha akanieleza bila kunipaka mafuta. Mwenye ardhi akikataa kunipokea, mauzo hayasimami. Akinipokea, bado huenda siku moja akapandisha kodi, au warithi wake wakakitaka kiwanja chao, nami nikaambiwa niondoe nyumba yangu. "Nikikwambia hakuna hatari nitakuwa nakudanganya," akasema. "Lakini watu wanazaa na wanazeeka katika nyumba hizi." Nikamwambia nimemchagua. Akasema nisiwe na pupa, kwanza yeye aje aione nyumba.

Na kweli akaja. Wale wengine wawili hawakuniuliza hata nyumba ikoje. Huyu alikuja kwa miguu, alasiri ya jua kali, akatazama paa, akatazama mfereji wa maji machafu, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Kisha akatoka kwenda barazani. Pale kila siku baada ya sala ya alasiri walikaa wazee wanne wa mtaa wakicheza dhumna, wakivigonga vile vipande vyeusi kana kwamba saruji imewakosea. Wakasogea pembeni, wakamwachia ncha ya baraza. Akakaa. Akawauliza mwenye ardhi ni mtu wa namna gani, anatoa risiti, amewahi kumfukuza mtu? Wakamjibu kwa zamu, mchezo umesimama. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikagundua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kuketi kwenye baraza ile hata mara moja. Nilikuwa mpangaji, Mkristo, mtu wa bara, mtu wa zamu za usiku. Nilipita nikisema hamjambo, wakajibu hatujambo, nikaingia kulala. Aliyekuwa na maneno ni mke wangu. Yeye aliwajua wote, na watoto wao, na magonjwa yao.

Mwenye ardhi alinikubali. Tukatia sahihi, mama mbele ya wakili wake na mimi mbele ya wangu. Siku ya mama kuondoka nilimbebea mizigo hadi kwenye basi la Lamu, akanishika kichwa akaniombea dua, nami nikarudi kwenye nyumba yangu. Neno hilo nililisema njia nzima, nyumba yangu, lakini nilipofungua mlango halikuwa na ladha niliyoitarajia.

Siku hiyo hiyo mmoja wa wazee alibisha hodi. Vipande vya dhumna vilikuwa vikihifadhiwa ndani, katika mkebe wa biskuti, na mama ndiye aliyekuwa akiwatolea kila alasiri. "Tumekuja chukua mkebe wetu," akasema kwa upole. Nikampa. Kesho yake baraza ilikuwa tupu, na kesho kutwa pia. Wazee walikuwa wamehamia baraza ya nyumba iliyokabili yangu, na waliponiona waliniinulia mkono kutoka huko.

Nikajua wamenikataa. Nilijiambia sababu zote, dini yangu na kabila langu na lafudhi yangu. Chama cha watu wa kwetu nacho kilikuwa kimenuna kwa sababu nilimkwepa mtoto wao, yule wakili wa kwanza, hivi kwamba Jumapili hakuna aliyepita kunijulia hali. Nilikuwa na vyumba vinne, nikaishi katika kile kimoja. Nilikula nikiwa nimekaa kitandani. Kuna siku nilisema neno kwa sauti, neno lolote, nisikie tu kama sauti bado ninayo. Upweke wa namna ile sikuwa nimeujua hata wiki ya mazishi, maana mazishini watu hukuzunguka.

Ilipofika siku ya kuchukua hati zangu nilikwenda Mji wa Kale. Wakili akanipa bahasha, akaniuliza, "Wazee wa barazani hawajambo?"

"Wamehama," nikasema. "Hawanitaki."

"Wamekwambia?"

"Hawakuhitaji kuniambia."

Akanitazama. "Umewakaribisha?"

Sikumwelewa. Niwakaribishe vipi watu waliokaa pale tangu sijafika Mombasa? Baraza iko nje, mtu yeyote anaweza kukaa.

"Hawezi," akasema. "Walikuwa wageni wa mama. Mama ameondoka, nyumba ina mwenyewe mpya. Mtu hakai barazani pa mtu bila kuambiwa karibu, huo ni utovu wa adabu. Wao wangoja neno lako. Nawe wangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja waje."

Akatabasamu kidogo. "Na mimi makosa yangu," akasema. "Nilikusomea kila kilichoandikwa. Hili halikuandikwa, nikadhani wewe walijua."

Nilirudi Majengo kwa haraka ya mtu aliyeacha moto jikoni. Nilifagia baraza kwa ufagio wa mke wangu, nikatandika mkeka, nikakaa, na kwa mara ya kwanza niliuona mtaa wetu kutoka pale. Nilijiona mjinga, mtu mzima aliyetandika mkeka akakaa peke yake. Wazee walitoka msikitini, wakaelekea ng'ambo kama kawaida.

"Masalkheri," nikaita. "Karibuni huku. Karibuni barazani."

Wakatazamana. Kisha wakavuka njia polepole, yule mwenye mkebe akiwa mbele.

"Twaweza?" akauliza.

"Ni penu," nikasema.

Wakakaa bila maneno mengi, wakamwaga vipande mkekani. Nilikuwa sijui dhumna. Mmoja akaniachia nafasi yake na vipande vyake saba, akasema nitajifunza nikifungwa, na kweli nikafungwa mara zote. Katikati ya mchezo yule mwenye mkebe akasema, bila kuinua macho, "Wakati mama alipokuwa mgonjwa, mkeo ndiye aliyekuwa akitutolea mkebe huu. Hakikupotea kipande hata kimoja."

"Alikuwa akivihesabu," mwingine akasema. "Mbele yetu. Kama twaweza kumwibia."

Wakacheka wote. Nikaweka kipande kisichostahili, wakanifunga tena.

Adhana ya magharibi ilipolia walisimama, wakakung'uta vikoi vyao. Yule mzee akakusanya vipande ndani ya mkebe, akaufunika, akanipa mimi. "Tuwekee," akasema. Wakaenda msikitini, nami nikabaki peke yangu juu ya mkeka.

Niliuingiza mkebe ndani. Kabla ya kuuweka nilivihesabu vipande, vyote vilikuwapo. Nikauweka nyuma ya mlango, pale pale mke wangu alipokuwa akiuweka, nikakaa sakafuni kando ya mkebe na kumlilia. Sikuwa nimemlilia tangu tulipomzika.