Tairi Nililokataa Kulibadilisha

Nakumbuka asubuhi moja kule Mokowe, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne aliyejaa majivuno. Mimi ni mzaliwa wa Faza, kisiwani Pate. Siku zile kisiwani kwetu hakukuwa na gurudumu ila la mkokoteni, si kama leo mlivyojaza pikipiki, na kijana aliyevuka maji akajifunza kuendesha lori alitazamwa kama aliyerudi Hija. Nami nilikuwa dereva. Tajiri wangu, Bwana Athmani, alikuwa na lori moja tu, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu.

Siku hiyo tulikuwa tukienda Witu na magunia ya mbata, zile nazi zilizokaushwa. Juu ya magunia walikaa abiria saba au wanane, maana basi halikuwako. Mbele, kando yangu, nilimpa nafasi Bi Zainabu wa Chundwa, mama wa makamo aliyejulikana Pate nzima kwa mikeka yake. Binti yake aliolewa Witu na alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Bi Zainabu alipakata ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka, na vidole vyake havikusimama hata gari liliporuka mashimo.

Hatujafika nusu ya njia, nikamkwepa ng'ombe, na tairi la mbele la kushoto likapanda kisiki kando ya barabara. Usukani ukaanza kuvuta upande. Niliposhuka nilikuta tairi limelala, upepo wote umekwisha.

Karibu na hapo palikuwa na watu wa kutengeneza barabara, wakijaza mashimo. Mmoja wao, aitwaye Musyoka, mtu wa Ukambani, aliweka koleo lake chini akaja kunisaidia kupiga jeki. Tulipolifumua tairi akalipapasa kwa ndani, kisha akanishika mkono akauweka palepale alipopapasa yeye. Ubavuni palikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole gumba, na nyuzi za ndani zimekatika.

"Dereva," aliniambia kwa upole, "mpira wa ndani utazibika, hauna neno. Lakini tairi lenyewe limekwisha. Likitoboka hapa panapokanyaga chini, huzibwa. Likipasuka ubavuni halina dawa. Nimefanya kazi ya matairi Mombasa, nimeyaona. Funga lile jipya."

Kweli, lilikuwako jipya, limefungwa kwa kamba juu ya magunia. Bwana Athmani alinipa kwa ajili ya dharura kama ile. Lakini mimi nilikusudia kulirudisha likingali na karatasi zake, ili tajiri aone alivyo na dereva mwangalifu, na siku atakapopata lori la pili, lile kubwa alilolitaja kila mara, anikabidhi mimi. Tena kuna lililo chungu zaidi ya hilo. Sikutaka kufundishwa na mtu wa bara mbele ya watu wa kwetu.

Nikapaza sauti ili abiria wasikie. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naziba ufa!"

"Ufa huzibwa," akajibu Musyoka. "Huu ni ukuta ulioanguka."

"Bwana, wewe endelea na koleo lako. Tangu lini watu wa bara wakatufundisha sisi mambo ya kwetu?"

Watu walicheka. Naona haya kukwambia kwamba kicheko kile kilinifurahisha. Nikakata kipande cha tairi kuukuu, nikakiweka ndani kufunika mpasuko, nikaziba mpira kwa kiraka, nikajaza upepo. Nilifanya kazi nzuri, mwanangu, safi kabisa kwa macho. Musyoka aliniacha na kiraka changu. Alimwendea Bi Zainabu, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi na ukili wake.

"Mama," akamwambia, "afadhali ungoje hapa. Gari letu litapita alasiri, litakufikisha."

Bi Zainabu alimshukuru, kisha akatabasamu. "Bakari ni mtoto wa kwetu," akasema. "Hawezi kunitia hatarini."

Maneno yale peke yake yangetosha kunifanya nilifunge lile tairi jipya. Niliyasikia, nikawasha gari.

Tulikwenda vizuri. Kadiri tulivyokwenda vizuri ndivyo nilivyozidi kujisifu moyoni, hata nikaongeza mwendo. Tulikuwa tumekwisha kuona minazi ya Witu kwa mbali tairi lilipopasuka. Lori lilizunguka kushoto, usukani ukaniponyoka, tukagonga mti wa mkoma. Waliokuwa juu walirushwa mchangani wakachubuka, na kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Lakini mlango wa kushoto ulijikunja kwa ndani, na mkono wa Bi Zainabu ulikuwa umebanwa hapo.

Alikuwa akisoma shahada kwa sauti ndogo, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake kama gogo, sijui nishike wapi.

Tuliuvuta mlango kwa mikono ukakataa, na aliyekimbilia Witu kutafuta msaada hakuwa amerudi gari la watu wa barabara lilipotufikia alasiri, kama Musyoka alivyosema. Ni yeye aliyeufungua ule mlango kwa mtaimbo. Ni yeye aliyepasua shati lake akaufunga mkono kwa vipande vya ubao, akampakata yule mama mpaka zahanati kama anayempakata mamake mzazi. Nilingoja aniambie, "Nilikwambia." Laiti angeniambia! Hakunitazama hata mara moja.

Keshoye nililifunga lile tairi jipya. Kazi ile ilikwisha kabla jua halijapanda.

Mfupa uliunga, lakini vidole vya Bi Zainabu havikukunjuka tena. Miezi ilipita kabla sijapata ujasiri wa kwenda Chundwa. Nilimkuta barazani kwake, mkono umelala mapajani, na ndani nikaona mkeka ulioachwa nusu. Nikapiga magoti. Maneno niliyokuwa nimeyatayarisha njia nzima yalikuwa haya: "Mama, niwie radhi. Ilikuwa kudura ya Mwenyezi Mungu."

"Usimsingizie Mngu, Bakari," akasema. "Mngu alikuletea mtu ndiani, palepale barabarani. Akakushika mkono, akakuwekea penye mpasuko. Kudura ni lile usiloambiwa. Wewe uliambiwa."

Nikainamisha kichwa.

"Na mimi niliambiwa," akaendelea, sauti imeshuka. "Nikamtazama atokako, nisilitazame neno lake. Mkono huu tumeuvunda sote wawili. Mimi nimekuwia radhi. Nenda ukamtafute yule bwana. Usimwendee kwa siri. Mwendee mbele za watu, kama ulivyomdharau mbele za watu."

Nilimtafuta siku nyingi. Nikampata mbali, karibu na Garsen, akila na wenzake kando ya barabara. Nilisimama mbele yao wote nikasema nilivyotenda na nilivyosema, sikuficha neno, na nikamwomba msamaha. Alitafuna tonge lake akalimeza.

"Yule mama," akauliza, "anasuka?"

"Hasuki."

Akatikisa kichwa, akanawa, akachukua koleo akarudi kazini. Hakuniambia kama amenisamehe, na mpaka leo, mvi zimenijaa kichwa kizima, sijui.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayeshika usukani leo. Tangu utotoni nilifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nililijua neno hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilidhani mkuu ni mtu wa kwetu, mwenye kanzu na ndevu nyeupe. Sikujua kwamba katika kila jambo mkuu ni yule alijuaye, hata akiwa na koleo mkononi na akisali kanisani Jumapili. Wala sikujua kwamba guu litakalovunjika laweza kuwa la mwingine.

Si kila kilichotoboka ni cha kutupwa. Wazee wetu walishona matanga yao miaka na miaka, na ubadhirifu ni dhambi. Lakini kabla hujatia kiraka, jiulize unakitia kwa sababu kitashika, au kwa sababu wataka kusifiwa. Ukiwa umebeba roho za watu, usibahatishe. Na ukikosa, usimtupie Mola kosa lako. Sema, "Ni mimi," na ulisemee palepale ulipokosea.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akujaalie kulitambua neno la kweli kinywani mwa yeyote alisemaye, akuvunjie kiburi kabla hakijamvunja mtu, na kila aketiye kando yako safarini amfikishe kwao mzima, mikono yake yote miwili. Amina.