N ya Nikahi

Soumaya hakuwa mtu wa kutulia, na leo kiti cha studio ya picha kilimwona akikaa na kuinuka kama mwenye siafu mwilini. Diski ya kompyuta ya zamani ilikuwa ikigonga ndani, tak, tak, na fundi yeyote wa mtaa wa Jabe anajua mlio huo ni wa kuaga. Picha zote za harusi zilikuwa humo. Nakala, hakuna.

"Bado?" aliuliza Mwanvua, mteja wao, akiwa mlangoni. Alikuwa amemzika baba yake juzi. Mzee yule alikuwa mkali wa kukataa kupigwa picha. Alikubali siku moja tu, siku ya nikahi ya huyu binti.

"Bado, dada. Subiri kidogo."

Soumaya alikuwa ameandika skripti, mistari ya amri za kompyuta, ya kuhamisha mafaili. Kwenye laptop yake aliijaribu kwa folda nyingine, ikaenda vizuri. Sasa diski imechomekwa kwenye mashine mpya, na skripti ileile inamletea kiburi: folda ya *mariage*, harusi za Wakristo, imepita yote, folda ya *nikahi*, hola! Akarudia. Hola. Diski ikagonga kwa nguvu zaidi. Hasira zikampanda, na woga nao.

"Eh! Mashine yako imebatizwa ama?" alisema Uthmani, mwenye studio.

"Niache, kaka!"

Akajilazimisha kusoma lile kosa polepole. Mashine ilikuwa ikitafuta folda iitwayo *ikahi*.

"Ikahi? N yangu imeenda wapi?"

Hapo akajipiga kipaji cha uso. Windows hutenga folda kwa antislashi, ule mkwaju unaolalia nyuma: *D:\nikahi*. Lakini ndani ya skripti, antislashi ikifuatwa na n huwa amri: ruka mstari. Njia ilikuwa imekatika vipande viwili, na n ikamezwa. *Mariage* ilianza na m, ikasalimika. Akaandika slashi ya kawaida, *D:/nikahi*, ambayo Windows pia huielewa, akabonyeza.

Picha zikaanza kuingia moja moja. Kisha mlio ukakoma, diski ikafa.

Zilizopona zilikuwa chache, zote za chumba cha wanaume. Katika moja, mzee ameshika mkono wa bwana harusi, na machozi yamemlowesha ndevu.

Mwanvua alisogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Mi nilikuwa ku chumba na wamama," alisema. "Papa mwenyewe aliniambia siku ile yeye alicheka tu."