Moto wa Saa Sita Mchana

Ukitaka chai ipoe, mwite Ditram aiombee. Ndivyo wanavyotaniana watu wa Vidunda, na mwenyewe hucheka nao, kwa sababu ni kweli tupu. Sala ya Ditram ikianza, inaanza na uumbaji. Inapita kwa Ibrahimu, inashuka kwa manabii, inatua kwenye maharage ya mwaka huu, halafu inawakumbuka wagonjwa, wasafiri, wanafunzi wa kidato cha nne na mafundi wa barabara. Kina mama wanaomjua hurudisha mfuniko juu ya sufuria ya ugali mara tu anapovua kofia. Lakini watu wakifiwa, hawataki mwingine. Amekuwa katekista miaka arobaini, na sauti yake ndiyo iliyowazika wazee wao.

Kwa nini sala zake zilirefuka, hakuna aliyejiuliza. Ujanani hakuwa hivyo hata kidogo. Aliyeweza kulisema hilo ni mtu mmoja tu, Thadeo, na Thadeo alikuwa Mikumi, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka ishirini na minane.

Jamani, watu wale walivyopendana! Walisoma pamoja shule ya misheni, wakiteremka na kupanda mlima miguu mitupu, daftari kwapani. Walipata kipaimara siku moja. Kwaya ilipowahitaji waliimba besi, na ilipokosa watu wa sauti ya tenori walipanda hukohuko juu bila aibu. Thadeo alikuwa mrina asali. Alikuwa akiukwea mti kwa kamba, mkononi ana majani makavu yanayofuka moshi, na Ditram chini ameshika ndoo, wote wawili wakiimba nyimbo za Jumapili. Watu walisema nyuki wa Thadeo wamebatizwa. Baadaye walikaa kwenye jabali, wakala masega kwa muhogo wa moto, wakitazama mashamba ya miwa yaliyotandaa kule bondeni. Mpaka leo Ditram akipita pale jabalini hupunguza mwendo. Anaukumbuka ule utamu, anakumbuka vidole vinavyonata na kicheko cha mwenzake, na roho inamuuma.

Sasa nikwambie habari ya moto. Kule mlimani shamba halichomwi mchana. Unasubiri jua lipungue na upepo ulale, unaita majirani, nao wanakuja na matawi mabichi. Kabla ya hapo umeshalima njia ya moto pande zote nne. Ditram mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana hayo. Lakini mwaka tisini na sita, mwezi wa kumi, alikuwa na haraka zake. Kesho yake alitakiwa Kidodi kwenye semina ya makatekista, siku tatu, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Aliogopa mvua itamlowanishia magugu. Alikuwa amelima njia ya moto pande tatu. Upande wa nne, alisema moyoni, una majani mabichi, hautashika. Akawasha saa sita mchana, peke yake.

Kisulisuli kilikuja bila hodi. Kiliinua majani yanayowaka na kuyavusha upande ule wa nne, na kabla hajakata tawi la kuzimia, mteremko mzima ulikuwa unalia. Alipiga na kupiga mpaka viganja vikachunika. Akaona hauzimiki, akakimbia, akazunguka kwa juu, akatokea kijijini upande wa nyumbani kwake, akajiunga na watu waliokuwa wakiteremka na ndoo. Walipomwona walisema, afadhali katekista umekuja. Naye hakuwakatalia. Dhambi ya Ditram ilianzia hapo, kwenye kimya kile, maana moto wenyewe ulikuwa uzembe tu.

Mteremko wote uliungua, hata usingeweza kusema ulianzia shamba la nani. Ghala tatu za mahindi ziliteketea, na nyumba ya Costancia, mjane mwenye watoto wanne, ikabaki kuta. Aliokoa watoto na jembe. Jioni watu walipoanza kuulizana, mmoja akasema kwamba asubuhi alimwona Thadeo akipita bondeni na majani yake yanayofuka moshi. Ni kweli alipita. Alirina mzinga mmoja upande wa pili wa kijito, akazima majani yake majini kama kawaida yake, akaenda zake.

Semina hakwenda. Jumapili mchungaji alimwomba aongoze sala kwa ajili ya waliounguliwa. Ditram alisimama mbele, viganja amevifunga vitambaa, na watu walivitazama vile vitambaa kwa heshima. Aliomba vizuri kuliko siku zote. Mwishoni, hofu ikamtia maneno mdomoni. Alisema: "Bwana, umfichue aliyewasha moto huu, popote alipo, hata kama yumo humu ndani." Alisikia mabenchi yakilia. Watu walikuwa wanageuka kumtazama Thadeo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wazee wa kanisa walimwita Thadeo atubu. Thadeo alisema hawezi kutubu asichokifanya, basi wakamzuia Meza ya Bwana mpaka atakapolainika. Vijana wakaenda kuangusha mizinga yake, kumi na saba, wakaitia moto. Ditram aliona moshi akiwa barazani kwake. Wiki ya tatu Thadeo alibeba vyombo vyake, akateremka na mkewe Anastazia na watoto wawili, hakuaga mtu.

Na Ditram? Alikuwa wa kwanza kubeba nyasi za kuezekea nyumba ya Costancia. Kila msimu alimlimia kipande, bure, mpaka watoto wa yule mama walipoota ndevu. Watu walimsifu, Costancia akamwombea kila siku kwa jina. Kila Jumapili yalipofika maungamo, kanisa zima likisema tumekosa kwa mawazo, maneno na matendo, Ditram alisema kwa sauti kubwa kuliko wote, na dhambi yake ikapita katikati ya dhambi za wengine bila kuonekana. Sala zake zikaanza kurefuka. Aliomba huku na kule, alizunguka dunia nzima, mradi asifike mahali pale pamoja, kwenye ule moto.

Basi mwaka huu mjukuu wake Goodhope, dereva wa bodaboda, kijana mpole asiyejua kugombana, alimwambia babu yake kuwa amepata mchumba huko Mikumi. Anaitwa Irine. Ni mjukuu wa mzee mmoja aliyewahi kukaa hukuhuku Vidunda, mzee Thadeo, fundi baiskeli.

Mkewe Magdalena, mwanamke mwenye moyo safi, alisema hakuna neno. Yale ya moto ni ya zamani, mtoto hana kosa. "Sisi ni Wakristo," alisema, "tuwasamehe."

Neno lile lilimchoma Ditram kuliko moto wenyewe. Wiki nzima hakula vizuri. Siku ya kupeleka barua ya posa, ambayo kwa kawaida hupelekwa na mshenga, alitangaza kwamba anakwenda mwenyewe.

Nyumba ya Thadeo iko nyuma ya barabara kuu, malori ya Zambia yanasikika mpaka ndani. Uani palikuwa na fremu za baiskeli na matairi yamepangwa. Hapakuwa na mzinga hata mmoja, Ditram aliangalia. Thadeo alitoka, amekonda, nywele nyeupe zote. Akawapokea wageni kwa utani wa babu, akitaka kujua ni mwizi gani anayekuja kumnyang'anya mke wake Irine. Goodhope akampa shikamoo kwa kuinama, naye akaitikia marahaba vizuri kabisa. Kisha akamwona Ditram. Walisalimiana za siku, nzuri, mkono wa mmoja umelegea ndani ya mkono wa mwenzake.

Mshenga wao, Evarist, hakujua chochote, maskini. Barua ilipowekwa mezani ikiwa imefungwa kwenye leso, akajinyoosha, akasema kwamba wao wamebahatika kuja na katekista wao mashuhuri, basi afungue kwa sala. Watu wakainamisha vichwa.

Ditram akafumba macho. Akatafuta uumbaji, hakuuona. Akamtafuta Ibrahimu. Hapakuja neno hata moja. Evarist akakohoa. Ditram aliujua uzito wa alichokishika: akinyamaza, mjukuu ataoa. Akisema, huenda mtoto wa watu akanyimwa mke kwa ajili yake, na yeye mwenyewe asiwe na pa kuuweka uso. Akafumbua macho.

"Thadeo," alisema, "siwezi kuomba ndani ya nyumba yako. Moto ule niliuwasha mimi, saa sita mchana, shambani kwangu. Halafu nikasimama kanisani nikaomba ili watu wakutazame wewe."

Anastazia alikuwa amebeba sinia la vikombe, akaliweka sakafuni taratibu, akakaa hapohapo kando yake. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba alishuka mlima ule akiwa na mimba ya miezi minane. Akajifunika uso na kanga.

Thadeo alitoka nje. Wakamwona dirishani amesimama kati ya baiskeli zake, mgongo kwao, muda mrefu. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Hukunifukuza peke yako, ni kanisa zima. Kaseme kulekule ulikosemea ile sala. Hiyo barua itakaa hapo mezani, hatuifungui."

Njiani kurudi Goodhope alitangulia peke yake. Evarist ndiye aliyesema sana. Alishauri kwamba katekista amwone mchungaji faraghani, waandike barua ya radhi, mambo yaishe kiutu uzima bila kulitia kanisa aibu. Ditram, nisimfiche, alilipenda wazo lile. Alilala nalo wiki nzima, na Jumapili ya kwanza ikapita. Aliyemtoa hapo ni Magdalena, aliyekwishasimuliwa yote na Goodhope. Mama huyu mpole alikuwa hajawahi kumpandishia mumewe sauti, lakini Jumamosi ya pili alimwambia amemfanya mjinga miaka yote hii, mpaka akafungua kinywa chake kuwasamehe watu ambao ndio wangestahili kumsamehe yeye. Asipokwenda kusema kesho, atasema yeye. Ditram akapiga moyo konde.

Siku ile, maungamo yalipokaribia, alimwomba mchungaji nafasi. Akavua kanzu yake nyeupe ya ukatekista, akaikunja, akaiweka kwenye benchi, akasimama katikati ya kanisa na shati lake la kawaida. Alisema yote. Alitaja saa, upande ambao hakuulima, njia aliyokimbilia, vitambaa vya mikononi. Hakutia aya ya Biblia wala hakumsingizia shetani. Alipomaliza alipiga magoti akasema, "Mungu, nilikutumia wewe kumwonea rafiki yangu. Nihurumie." Hakuendelea. Watu walibaki wakisubiri sala iendelee, maana walimzoea, mpaka wakaelewa kuwa imekwisha.

Mzee mmoja aliyekuwa kijana wakati ule alisimama nyuma, akasema mizinga ile aliiangusha yeye na wenzake wanne, wawili wamekwishakufa. Akaketi analia. Halafu Costancia akanyanyuka pale mbele. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akashika bega la jirani.

"Miaka yote hii nimemlaani Thadeo kwenye sala zangu, asubuhi na jioni," alisema. "Ditram, wewe nitakuona baadaye. Nipelekeni Mikumi."

Alipelekwa Jumanne. Goodhope alimteremsha taratibu kwenye pikipiki yake, bibi amemkumbatia kiunoni, hajawahi kupanda chombo kile tangu azaliwe, anamfokea apunguze mwendo hata waliposimama. Ditram, Evarist na yule mzee wa mizinga walifuata kwa miguu mpaka Kidodi, wakapata gari. Walimkuta Costancia ameshafika na ameshasema yake, ameketi kitandani kwa Anastazia, wameshikana mikono, wote macho mekundu. Yule mzee akasema ya kwake mlangoni, kabla hajakaa. Thadeo akawavutia viti.

Barua ilikuwa mezani palepale, kwenye leso yake. Thadeo hakuigusa kwanza. Alisema kabla ya kuifungua lazima iombwe, na Evarist, ambaye mazoea yalimponza, akamgeukia Ditram. Thadeo akatikisa kichwa. Ataomba mwenyewe, alisema, ingawa tangu ateremke Vidunda hajawahi kuomba kwa sauti mbele ya watu.

"Mungu," Thadeo akasema, "huyu hapa Ditram amekuja. Nimejaribu kumsamehe tangu siku ile aliyosema, nimeshindwa. Peke yangu siwezi. Nisaidie, maana nampenda."

Ditram, ambaye maisha yake yote ndiye aliyewaombea wengine nao wakamwitikia, aliinamisha kichwa, akaitikia amina.