Spika ya Mama Mkwe

Waya unaoning'inia ukutani unanikera hadi leo. Nikiingia sebuleni kwa mtu nikaona waya wa redio umetambaa sakafuni mpaka kwenye plagi, umeungwaungwa kwa plasta ya kidonda, mazungumzo yote yananipita, macho yako kwenye waya tu. Mke wangu alikuwa akisema huo ni ugonjwa. Labda. Kila mtu na wake.

Mimi wangu niliupata kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale Shinyanga mjini, miaka ya sabini, nikiwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa anauza vyombo ahamie kwa ndugu zake, nami nikaenda kuangalia redio gramu yake, lile kabati la mbao lenye redio na mahali pa kuchezea santuri. Sebuleni kwake muziki ulitoka pembe mbili za chumba na hukuona ulikopita. Aliniona nachungulia nyuma ya makochi, akacheka, akanionyesha: waya zilikuwa ndani ya ukuta, zimefunikwa lipu, na swichi zimejificha nyuma ya kabati la vyombo. Nilinunua redio gramu na spika zake mbili. Hilo wazo nililichukua bure.

Nyumbani nikashika tindo na nyundo. Kila nikitoka kazini nilichimba mfereji mwembamba ukutani, nikalaza waya, nikaziba. Saruji ilikuwa haipatikani, kwa hiyo nilikoroga chokaa na mchanga. Vumbi lilituingia mpaka kwenye ugali, na mke wangu alinuna, akawa ananijibu kwa mkato. Lakini nilipomaliza na kupaka rangi, hata yeye alisimama katikati ya chumba akageuka huku na huku. Wageni walituuliza redio inatumia nini. Nilijisikia, siwezi kukataa.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Didia. Miguu ilikuwa imevimba na moyo ulikuwa unamsumbua, na daktari alitaka awe karibu na hospitali. Mumewe alikuwa ameshafariki. Kwetu Wasukuma mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Ni heshima hiyo, si ugomvi. Tukampa chumba cha uani, kule upande wa jikoni, chenye mlango wake. Akitaka kupita uani mimi nilikohoa nikaingia ndani, na nikitaka kupita mimi, yeye alirudisha mlango. Tulisalimiana kupitia kwa mke wangu. Tuliishi vizuri sana kwa namna hiyo, na nadhani wengi wangeishi vizuri zaidi na wakwe zao wakijaribu.

Shida yake ilikuwa mwanawe wa mwisho. Kijana alikuwa ameacha ng'ombe na shamba la pamba akaenda machimbo ya dhahabu, kwanza Geita, halafu tukasikia yuko Bugarama, halafu tukawa hatusikii kitu. Waliorudi kutoka huko walisimulia mashimo yanavyoporomoka, na kwamba mtu asiye na ndugu pale anafukiwa bila yeyote kulijua jina lake. Mama mkwe alilishika hilo. Kufa alijua watu wanakufa, alishazika wengi. Alichoogopa ni mwanawe kufa kama mbwa wa njiani, asiwepo wa kusema huyu ni mtoto wa fulani.

Kwa hiyo alitaka redio. Wakati ule matangazo ya vifo yalisomwa redioni kila siku, na nchi nzima ilinyamaza kusikiliza. "Mwambie baba watoto," alimwagiza mke wangu, "anisogezee hiyo redio nisikie mwenyewe. Yakiwa mema nisikie, yakiwa mabaya nisikie."

Redio gramu haisogezwi, ni kabati zima. Na yeye hawezi kuja kukaa sebuleni kwangu. Nikang'oa spika moja nikaipeleka chumbani kwake siku aliyokwenda kliniki. Waya niliupitisha chini ya uani, ndani ya mpira wa maji uliochakaa, nikafukia na kusakafia juu. Ndani kwake niliingiza spika ukutani juu ya kitanda, nikaifunika kwa kitambaa cha kahawia. Aliporudi akasikia sauti ya mtu ukutani, akamwuliza binti yake ni nani ameingia. Alipoelewa alinitumia asante, na jioni ile akanitumia na kuku.

Ni mke wangu aliyetaka swichi. Alinifuata wakati namalizia ukuta wa sebuleni. "Mayu moyo wake unaujua," alisema. Mayu ni mama, kwa Kisukuma. "Baba alipofariki alizimia mikononi mwangu. Yakija mabaya usiache redio imwambie. Weka kitu cha kumkatia, halafu tuite wazee wamwambie taratibu."

Sikuona ubaya. Habari ya msiba kwetu huletwa na watu wazima, ukakalishwa kwanza, ukashikwa mkono. Haipigwi kelele na sanduku. Nikaweka swichi ndogo nyuma ya kabati la vyombo, kimo cha goti, usipoelekezwa huioni. Ukiibonyeza, spika ya uani inanyamaza, ya kwetu inaendelea. Mama mkwe hakuambiwa. Kwa kazi ya mikono, ile ndiyo niliyoifanya kwa usafi kuliko zote.

Miezi ikapita, matangazo yakisomwa na yeye akisikiliza. Tulimsikia akiguna kwa misiba ya watu asiowajua, akisema "pole, mama" kwa mwanamke wa mkoa mwingine kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, mimi niko nyumbani, mke wangu anachambua mchele. Mtangazaji akaanza: "Habari ziwafikie ndugu na jamaa wa Didia, Shinyanga." Mke wangu alishaacha ungo. Alipenyeza mkono nyuma ya kabati, akabonyeza, na tukasimama pale tukisikia yaliyobaki sisi wawili. Lilikuwa jina la yule kijana. Shimo lilikuwa limeporomoka, na mazishi yalishafanyika huko huko. Mke wangu aliuma kanga asitoe sauti. Mimi nilianza kuvaa viatu niende kuwatafuta wazee.

Uani, mlango wa mama mkwe ukafunguka. Mke wangu alitoka mbio kumzuia.

"Umeme umekatika, mayu," alisema.

"Umekatika?" mama mkwe akauliza. "Na huyo anayeimba kwenu ni nani?"

Nyuma yangu redio ilikuwa inapiga dansi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuizima.

Alimpita binti yake. Alipanda ngazi za mlango wa nyuma polepole na miguu yake ile, akaingia sebuleni kwangu, mahali ambapo alikuwa hajawahi kukanyaga, akaketi sakafuni mbele yangu. Nilitaka kutoka. Akanyoosha mkono akanionyesha kiti. Kisha akanitazama usoni, na mimi, kwa aibu, nikaangalia mikono yangu.

"Wamesema Didia," alisema. "Kisha ukuta ukanyamaza. Ni yeye?"

Nikamwambia ni yeye.

Hakuzimia. Alipumua kwa shida. Mke wangu alimpigia magoti akamshika mabega, yeye akauondoa mkono wa binti yake kama mtu anavyomwondoa nzi.

"Nani katangaza?"

"Wachimbaji wenzake wa Bugarama," nikasema.

"Walisemaje? Sema kama walivyosema."

Basi nikasema, mimi karani wa pamba, nikimsomea mama mkwe wangu tangazo la kifo uso kwa uso: kwamba wachimbaji wa Bugarama wanasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao, kwamba walimfukua na kumzika kwa heshima, na kwamba habari zimfikie mama yake mzazi popote alipo. Nikalitaja na jina lake kamili, kama lilivyosomwa.

"Walinitaja?"

"Walikutaja kwa jina, mama."

"Alikuwa amewaambia jina langu," alisema. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Alikuwa na watu wake kule, wanamjua na mama yake wanamjua. Hilo tu ndilo nililokuwa nalisubiri kwenye huo ukuta wenu, na lilipokuja mkaninyima."

Mke wangu alianza kusema ni kwa ajili ya moyo wake, kisha akaenda kuizima redio. Waombolezaji waliosikia redioni walipoanza kuingia walimkuta mama mkwe sebuleni kwangu, nami nimeketi karibu naye, na hakuna aliyethubutu kutuuliza.