Siku Darasa Zima Liliponyoosha Mkono wa Kushoto

Hili jambo mke wangu kanikataza kulisimulia, na hata mimi nikilikumbuka katikati ya soko la Batha, watu wamejaa, najikuta nimefumba macho kwa aibu, lakini kwa kuwa leo mmenibana, haya, nisikilizeni, na mcheke taratibu.

Mnajua nafundisha sayansi shule moja ya binafsi hapa Riyadh, upande wa wavulana, watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Mwaka huu shule ikaleta utaratibu mpya: mwalimu hachagui mada, wanafunzi wenyewe ndio wanaotafuta swali linalowakera, wanapanga namna ya kulichunguza, wanagawana kazi, wewe unakaa pembeni unauliza-uliza tu. Mimi niliyesomeshwa Tanga kwa kunakili ubaoni (na kiboko juu) nikaona huu ni uvivu uliopewa jina zuri. Na mkataba wangu ulikuwa unaisha, ikama, kile kibali cha kuishi huku, nayo inafuata mkataba, na mke wangu Mwanaidi na binti yetu Salma ndio kwanza wana miezi mitano tangu waje. Mkataba usipoongezwa tunafungasha wote watatu.

Basi vijana wangu wakabishana wiki mbili nzima, mwisho wakachagua madereva wa mabasi ya shule: kwa nini wanasubiri juani pale getini kila mchana, na kivuli kiwekwe wapi. Karatasi yao ya mpango ilikuwa mishale mitupu, mafuta ya chipsi, na mchoro ambao waliapa kwamba ni basi. Mara tukaambiwa mkurugenzi anakuja kutoka makao makuu Jeddah, Jumapili (huku ni siku ya kazi) atapita darasani, na yeye ndiye anayesaini mikataba.

Nikafanya kauamuzi kadogo tu. Ile karatasi yao nikaifungia kabatini, nikaandika mpango wangu mimi, wa matumizi ya maji, maswali manne na majibu yake, nikawagawia wakariri. Mwanaidi aliponiona nyumbani napiga jedwali kwa rula akaniuliza, "Baba Salma, si ulisema kazi ni ya watoto?" Nikamwambia mambo ya shule aniachie mwenyewe.

Halafu kwa woga nikaongeza ule ujanja wa kwetu wa siku ya mkaguzi, mnaukumbuka: likiulizwa swali wote mnanyoosha mikono, anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto, mwalimu anachagua wa kulia. Sisi tuliupokea kwa walimu wetu bila swali. Hawa wakauliza. Kijana mmoja mpole, Yazan, akasema, "Mista, kama sijui, nanyoosha mkono wa nini?" Nikamjibu ni adabu (Mungu anisamehe).

Jumapili mkurugenzi akaingia na mudiri, yaani mkuu wetu wa shule. Maswali yangu manne yakajibiwa vizuri mno, jasho likaanza kunikauka. Mgeni akafunga daftari, akauliza la tano, ambalo mimi sikuliandika: "Kwa nini mlichagua maji?"

Mikono ishirini na miwili ikapanda. Yote ya kushoto.

Nikatafuta wa kulia hata mmoja, wapi. Nikajidai nimepaliwa, nikakohoa, nikasema yalla, muda umekwisha, tuwapigie wageni makofi; mgeni akasema muda upo, na badala ya kuniachia nichague mimi, akamwita Yazan.

Yazan akasimama kwa heshima zote. "Samahani, huu ni mkono wa kushoto, maana yake sijui. Maji alichagua Mista. Sisi tulichagua madereva."

"Na mpango wenu uko wapi?"

"Mista kaufungia kabatini."

Nikaambiwa nifungue. Nikafungua, masikio yanawaka moto, watu wote wananitazama. Watoto wakaitandaza karatasi yao chafu sakafuni, wakaanza kueleza huku wakibishana mbele ya wageni: nani atapima joto la ukuta saa saba mchana, nani alishaongea na madereva, kwa nini kivuli cha upande wa msikiti hakifai. Nusu saa nzima. Hakuna aliyenihitaji, nami nimesimama kando ya kabati nawaza nitamwambiaje Mwanaidi.

Baadaye mudiri akaniita ofisini. Akasema, "Ustadh, amesaini miezi mitatu, si mwaka. Mwisho wa muhula anarudi kuangalia kazi ya madereva. Ikiwa nzuri, utaongezewa. Na wewe usiiguse. Halas, basi."

Kwa hiyo sasa ndugu zangu, ikama yangu, ya mke wangu na ya mwanangu, ziko mikononi mwa watoto wasiojua hata kufunga kamba za viatu, na mimi nimeapa simjibii tena mtoto swali lake. Jana wametafuta kipimajoto mpaka wakataka kupigana. Nilikuwa nakiona, kiko pale chini ya dirisha. Nimekaa kimya, mikono nimeikalia, mpaka kengele ikalia hawajakipata.