Mkoba wa Kushikia Nafasi

Garam alikuwa mtu wa kuhesabu watu. Kwao Gwangju, kusini mwa Korea, mama yake alikuwa akiuza kimchi, ile kabichi ya kuchachusha yenye pilipili, sokoni kutwa nzima, na Garam, kifungua mimba, ndiye aliyewakusanya wadogo zake watatu tangu ana miaka minane. Chuoni wenzake wa usanifu majengo wakamfanya mwenyekiti wa darasa bila hata kupiga kura. Na walipokwenda Ulaya wiki mbili kutazama makanisa na madaraja, wanafunzi saba na Profesa Tak, ni yeye tena aliyewahesabu kwenye kila treni, mpaka wakamchoka.

"Mwenyekiti, tupo! Hakuna aliyeliwa," alilalamika Dojun, kijana mwembamba ambaye mdomo haumtulii.

"Nikikusahau huku, mama yako atanishika mimi."

Siku ya mwisho, Jumamosi, walikuwa Roma, na ndege yao ilikuwa jioni. Garam alikuwa na haraka zake za moyoni: Jumatatu mdogo wake wa mwisho, Hangyeol, alikuwa anaingia jeshini. Mama hawezi kufunga kibanda, baba hayupo, wale wadogo wawili wako mbali kikazi. Kama si Garam, mtoto angefika kwenye lango la kambi na kichwa chake kilichonyolewa, peke yake, na wenzake wote wamezungukwa na ndugu zao wanalia. Hilo Garam hakutaka hata kuliwaza.

Asubuhi hiyo, wakiondoka hotelini, mapokezi walirudisha pasipoti zote nane kwa mkupuo. Profesa Tak, mtu anayetafuta miwani huku ameivaa, alimpa Garam papo hapo. Garam akazitia kwenye mkoba wake mweusi, akafunga zipu, akaupapasa.

Mchana wakaingia kwenye ukumbi wa vyakula karibu na stesheni. Watu walikuwa wamejaa pomoni. Garam akaona meza kubwa inaachwa, akaiwahi mbio, akaweka mkoba wake juu ya kiti, akaenda zake kupanga foleni ya mikate ya nyama.

Ndiyo, aliuacha. Usimcheke. Kwao mtu akitaka meza mkahawani anaacha kitu chake pale, simu au hata kompyuta, halafu anakwenda kuagiza, anakwenda msalani, anarudi anakuta kila kitu. Garam amefanya hivyo tangu sekondari. Ule mkono uliweka mkoba kabla kichwa hakijaulizwa.

Aliporudi na sinia, familia ya Waitaliano ilikuwa imeketi pale inakula. Mkoba haupo.

"Pasipoti," alisema. Sinia likamponyoka, nyama ikatapakaa sakafuni.

Wakatafuta chini ya meza, nyuma ya mapipa, hadi vyooni. Baba wa ile familia aliinua mikono, hajaona kitu. Profesa Tak akakaa kwenye ngazi, akasema polepole, "Basi tutalala hapa. Ubalozi unafunguliwa Jumatatu." Dojun akainama kuokota nyama sakafuni kipande kwa kipande, bila mzaha, na hilo ndilo lililomtisha Garam zaidi. Alimwona Hangyeol pale langoni, akigeuka geuka kumtafuta.

"Nimewaponza, jamani. Nimewaponza wote."

Ndipo sauti ya kike ikapaa upande wa pili wa ukumbi, Kikorea chenye lafudhi ya kusini tupu, kama yuko sokoni kwao.

"Nyie watoto! Mnazunguka zunguka nini? Njooni hapa!"

Alikuwa mama wa makamo, jaketi la kupandia milima, rangi ya pilipili. Mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia mkoba mweusi.

Garam alimfikia mbio. Kabla hajafungua kinywa, alitandikwa kofi la mgongo, pwaa!

"Umerogwa wewe? Hapa kwenu hapa?"

"Samahani, mama. Nilikuwa nashikia nafasi..."

"Najua! Nimeuona umekaa peke yake kitini kama mgeni rasmi, nikasema huyu wa kwetu tu. Nani mwingine ana wazimu huo? Kuna jamaa alishaanza kuunyemelea. Nikaunyakua."

Garam alifungua zipu. Moja, mbili, mpaka nane. Akahesabu tena. Kisha akaketi chini palepale sakafuni na kulia kwa sauti kama mtoto, wenzake wamemzunguka, wanacheka huku na wao macho yamewalowa. Dojun akapiga magoti, akaibusu pasipoti yake, akaibusu na ya Profesa. Raha iliyowashika hapo haisemeki.

"Haya, nendeni, msiikose ndege," yule mama alisema, akimfuta Garam uso kwa mkono wa jaketi.

"Na wenzako uliosafiri nao, mama? Mbona uko peke yako?"

"Wametangulia uwanja wa ndege."

"Wewe je?"

"Mimi nabaki. Jumatatu niende ubalozini." Akatazama kando, akacheka kidogo, bila furaha. "Jana mkahawani nilitaka ile meza ya dirishani. Nikaweka mkoba wangu, pasipoti imo ndani, nikaenda kununua kahawa. Niliporudi, meza nilikuta ipo."