Kofia ya Asumani

Jumamosi ile Mwamini alichelewa tena kuniletea kofia.

Katika ua wetu wa mtaa wa Kasuku, zamu ilihama hivi: mume wetu Asumani, fundi cherehani, alilala siku mbili kwangu na siku mbili kwa Mwamini, mke mwenzangu mdogo. Siku ya pili jua likizama, aliyemaliza zamu alichukua kofia ya mume, ile nyeupe ya kudarizi, akaipeleka nyumba ya pili kwa mikono yake. Kofia ikifika, mwenyewe naye alifuata. Mimi niliipeleka jua likiwa bado linagusa mabati. Mwamini aliileta watu wameshatoka kusali isha.

“Yaya, unisamehe,” akasema mlangoni, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake. “Mutoto alikuwa analia.”

Kila mara mtoto. Binti yangu Zaina alikuwa ameolewa Kisangani, kwa hiyo sikuwa tena na wa kumsingizia. Niliipokea kofia nikainusa. Ilinuka marashi ya Mwamini, na sombe ya majani ya muhogo niliyokuwa nimepika ikanishinda kula.

Wiki hiyo mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka mbele ya baraza la Asumani alipakia bidhaa zake zote kwenye lori. Redio ilisema vita vya waasi viko mbali, mambo ni shwari, wananchi watulie. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Mfanyabiashara alimwachia Asumani kipande cha turubai, na Asumani akashona mfuko wa mgongoni, wenye mikanda miwili na kifuniko cha kufunga kwa kamba. Turubai lilitosha mfuko mmoja tu.

“Ni wa nani?” nikamwuliza.

“Nitaubeba mimi. Mwenye zamu ataweka vitu vyake ndani. Mwenzake atabeba kitunga.”

Alikuwa mtu wa haki, Asumani. Haki yake ilinikera, maana mimi nilitaka upendeleo.

Askari wa serikali walipoanza kurudi kutoka vitani walivunja maduka, kisha nyumba. Zaire ile ya chama kimoja, ambayo tuliiimbia na kuichezea kila sikukuu, sasa ilikuwa ikituibia masufuria. Tuliondoka alfajiri, tukavuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, tukashika njia ya kwenda kwa mjomba wake Asumani, katika milima ya Pangi. Barabara kubwa tuliiogopa. Tulipita vijia vya wachimba madini.

Mvua ilitupokea kwenye kilima cha kwanza na haikutuacha. Udongo mwekundu ulishika miguu, ukipanda hatua mbili unateleza moja. Vijito vilivyokuwa vya kuvuka kwa kuruka vilikuwa vimefika kiunoni. Kitunga changu nilikibeba mgongoni kwa kamba ya gome iliyopita kwenye paji la uso, kama bibi zetu, na maji yaliyoingia ndani yalikiongezea uzito hadi shingo ikakakamaa. Ilikuwa zamu ya Mwamini. Nguo zake zilikuwa kavu ndani ya turubai, mgongoni mwa mume wangu, nami nilitembea nyuma nikiutazama ule mfuko. Sikuogopa askari siku ile. Niliuonea wivu mfuko.

Kwenye miteremko Asumani alimpa Mwamini mkono, kwa sababu alikuwa na mtoto mgongoni. Mimi alinipa fimbo.

Zamu yangu ilifika jioni, tukiwa kwenye kibanda cha wachimbaji kilichoachwa. Mtoto alikuwa akikohoa. Mwamini alikuja na kofia mkononi, na mara hii hakuchelewa.

“Yaya, mutoto kifua kinamubana. Nguo zake zilale mu turubai hata leo tu. Kesho nitatoa.”

“Leo iko zamu ya nani?”

“Iko yako, Yaya.”

“Basi toa vitu.”

Asumani alikuwa akipuliza moto. Hakuinua macho. Mwamini alitoa nguo zake na za mtoto, akazipanga katika kitunga na kuzifunika kwa majani ya mgomba mwitu. Mimi nikaweka zangu: vitenge vyangu vya sikukuu, vikombe vya harusi, picha ya Zaina. Usiku Asumani alilala upande wangu. Alinuka moshi na jasho, hakunuka marashi ya mtu. Mvua ilipiga majani ya paa, na mimi, mkimbizi nisiye na mlango, nililala nimeridhika.

Asubuhi tulipanda mlima mkubwa. Ukungu ulikuwa mzito.

Asumani alitangulia.

Tulisikia kikohozi cha mtu, na hakikuwa cha mtoto.

“Yo! Yaka!” Sauti ilimwita kwa Kilingala: wewe, njoo!

Walikuwa askari watano au sita, wengine bila viatu. Walikuwa na cherehani ya mtu, magodoro, na mbuzi. Walihitaji migongo.

Mmoja alimpiga Asumani kibao kwa kuwa alichelewa kujibu. Kofia ikaanguka kwenye tope.

Walimtwika godoro lililolowa, juu ya mfuko wetu.

Asumani alitugeukia. Alinitazama mimi kwanza, kisha Mwamini. “Muende kwa mujomba,” akasema. “Nitawafuata.”

Ukungu ulimfunika.

Niliokota kofia.

Tulifika kwa mjomba wake na tukangoja. Askari walipita, waasi wakapita, nchi ikabadilishwa jina. Wanaume wengine waliobebeshwa mizigo walirudi wamekonda. Mmoja alisema alimwona Asumani njia ya Lubutu, akiwa bado na mzigo. Mwingine alisema mengine, nami sitayaandika. Kaburi hatulijui.

Vitu vyangu vyote vilikwenda naye. Vya Mwamini vilibaki, vimelowa lakini vipo, na mtoto alivaa nguo zake siku ya tatu zilipokauka, akapona. Kama ningekuwa na moyo mweupe jioni ile, nguo zile zingekwenda na mfuko, naye angebaki uchi. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Sijui niushukuru au niucheke wivu wangu.

Tulirudi Kasuku, ua uleule. Mwamini hakuolewa tena. Alinikatia kitenge chake kimoja tukagawana, na mwanawe ananiita mama mukubwa. Hatugombani kwa chumvi wala kuni. Ila nikifungua sanduku ninamoiweka kofia, yeye husimama mlangoni. Nimeona macho yale. Ni macho yangu ya zamani, yaliyokuwa yakitazama mfuko.

Mwaka jana, jua likizama, alikuja akaketi karibu nami. Mvi zimemjaa sasa.

“Yaya, unipe ile kofia. Ilale kwangu usiku moja tu.”

Nikaitoa sandukuni. Nimeifua mara nyingi, lakini tope jekundu halijatoka kwenye darizi. Alinyoosha mikono yote miwili. Tulikuwa wanawake wawili wazee tukimgombea mtu ambaye pengine ni mifupa chini ya majani ya njia ya Lubutu, na nilijua hivyo, na roho iliniuma vilevile.

“Kule kibandani alilala kwangu usiku moja,” nikamwambia. “Zamu ni siku mbili.”

Mwamini alitazama jua mpaka likaisha. Akainuka mikono mitupu, akaenda kuwasha moto wake.